Mnapataje kambi nzuri mkiwa safarini kwa gari?

HemaMgongoni

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa watu wanaolala kambini mara kwa mara.

Safari ni ya wiki tatu, watu wanne, gari moja, mahema mawili. Wiki ya mwisho tutabadili, tutatumia gari la kulala, lile lenye vitanda na friji ya gesi ndani. Kila siku ni mwendo wa kilomita 250 hadi 350, maana yake kila jioni tunahitaji kambi mpya. Nimepitia programu za simu, sehemu ni nyingi mno, na karibu kila picha ni ya machweo. Ardhi ambayo hema litasimama huioni.

Kwanza, mnachujaje hizo sehemu kabla ya kuondoka? Pili, mkishafika langoni mnakagua nini kabla ya kushusha mizigo? Na giza likiwakuta bado mko barabarani, mnafanyaje?

RamaniKwanza

Karibu mkuu. Anza na njia, kambi zifuate. Chukua mwendo wa siku, toa muda wa mafuta, chakula na kunyoosha miguu, halafu weka alama pale gari litakapokuwa yakiwa yamebaki masaa matatu jua kuzama. Tafuta kuanzia hapo, ndani ya kilomita 20 hivi kila upande wa barabara. Lengo ni kuwa langoni masaa mawili kabla ya giza. Yanaonekana mengi, lakini nusu saa inakwenda kwenye kukagua uwanja, dakika 40 kwenye mahema mawili, na kinachobaki ni cha kupika na kuoga huku bado unaona unapokanyaga.

Kila usiku uwe na sehemu tatu kwenye daftari. Ya kwanza ndiyo mnayoitaka. Ya pili iwe njiani kabla ya hiyo ya kwanza, yaani mnaipita kabla ya kuifikia. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaweka akiba mbele, halafu siku mvua au pancha ikiwachelewesha, akiba nayo iko mbali kuliko kambi yenyewe. Ya tatu ni ya dharura. Haihitaji kupendeza. Iwe na lango, njia ngumu ya lami au changarawe hadi ndani, na mtu wa kupokea wageni hata usiku.

Programu: iOverlander inaongezewa taarifa na wasafiri wenyewe, inatenganisha kambi rasmi, sehemu zisizo rasmi na porini, na unaweza kuitumia bila intaneti ukishapakua taarifa. Park4Night inafanana nayo, nguvu yake kubwa iko Ulaya. Kwa ramani, pakua Organic Maps au OsmAnd, zote zinatumia data ya OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea, na zinafanya kazi mtandao ukikatika. Ukishapata jina la kambi, lipeleke kwenye Google Maps ukaitazame kwa picha ya setilaiti. Kumbuka ramani za Google unazopakua kwenye simu haziji na picha za setilaiti, kwa hiyo piga picha ya skrini ungali na mtandao mzuri.

Kwenye setilaiti angalia vitu vinne. Reli: treni ya usiku inasikika mbali, na kwenye kivuko cha barabara inapiga honi. Barabara kuu yenye mlima: malori yanayoshuka yanatumia breki ya injini usiku kucha, na kilomita moja haitoshi kuiua ile sauti kama hakuna kilima katikati. Vivuli vya miti: vinakuonyesha kama kuna kivuli cha kweli au vichaka tu. Na ukanda mweupe unaopinda-pinda bila maji ndani yake, huo ni mto wa msimu. Picha inaweza kuwa ya miaka kadhaa nyuma na ya kiangazi, kwa hiyo usiamini ukavu wake.

Maoni ya watu: soma tarehe kwanza, nyota baadaye. Kambi ikibadilisha mwenyewe, sifa za miaka mitatu nyuma hazina maana tena. Maoni ya nyota tatu ndiyo yenye habari, kwa sababu aliyeandika kapima mazuri na mabaya. Ya nyota tano mara nyingi ni furaha ya siku hiyo, na ya nyota moja ni ugomvi wa mapokezi. Tafuta ndani yake maneno kama tope, muziki, jenereta, mbwa, maji. Neno moja likirudiwa na watu watatu wasiojuana katika miezi tofauti, lichukue kama ukweli. Angalia pia mwandishi alikuja na gari gani. "Njia nzuri" ya mtu mwenye gari la juu linalovuta kwa magurudumu yote manne si njia nzuri ya gari la chini.

Jambo la mwisho, namba za GPS. Kuna mtindo wa desimali na kuna mtindo wa digrii na dakika. Ukipewa 12°30' ukaiandika 12.30, umekosea, kwa sababu dakika 30 ni nusu digrii, yaani 12.50. Tofauti ya digrii 0.2 kwenye latitudo ni kilomita 22 hivi. Watu wanafika katikati ya shamba la mtu usiku na kudhani kambi imefungwa, kumbe wamesoma namba vibaya.

KigingiChaChuma

Mkuu hapo juu kamaliza upande wa simu. Mimi niseme ya langoni kwenda ndani, maana kambi ileile ina sehemu nzuri na sehemu mbaya mita 30 tu mbali, na mara nyingi mgeni anapewa ile iliyo karibu na ofisi.

Usilipie kabla ya kutembea. Omba kwa heshima, "naomba nizunguke kwanza dakika kumi", hakuna kambi yenye nidhamu itakayokataa. Tembea kwa miguu, usizunguke ndani ya gari, maana mteremko na harufu huvijui ukiwa umekaa kwenye kiti.

Maji ndiyo ya kwanza kufikiria, na hapa siongei kwa upole. Usiweke hema kwenye kitanda cha mto mkavu, hata kama mchanga wake ni laini na anga ni jeupe. Mvua inaweza kunyesha milimani mbali kabisa na wewe usisikie hata ngurumo, maji yakakufikia usiku. Soma dalili: nyasi zote zimelala upande mmoja, takataka na vijiti vimenasa kwenye matawi, mawe ni ya mviringo, udongo umepasuka vipande vipande kama vigae. Zile takataka kwenye matawi ni kipimo ambacho mto wenyewe umekuachia. Zikiwa usawa wa kiuno chako, maji yalifika kiunoni. Panda juu zaidi ya hapo, tena kwa kiasi kikubwa. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kusomba gari dogo, na ya sentimita 60 yanabeba magari mengi.

Halafu inua macho. Matawi makavu juu ya hema huanguka hata bila upepo. Mti uliokufa kaa mbali nao mara moja na nusu ya urefu wake. Uyoga shinani au gome linalobanduka ni dalili ya kuoza ndani hata kama majani bado ni ya kijani. Mti mrefu uliosimama peke yake uwanjani uache, radi hupenda vitu kama hivyo. Kivuli cha maana kwa hema ni cha asubuhi, kwa hiyo mti uwe upande wa mashariki. Hema lililopigwa na jua tangu linachomoza halilaliki baada ya muda mfupi.

Mteremko: kidogo unatakiwa, ili maji ya mvua yaondoke. Uwanja ulio sawa kama meza kwenye udongo wa mfinyanzi unageuka bwawa. Laza chupa ya maji chini. Ikiviringika taratibu panafaa, lala kichwa kikiwa upande wa juu. Ikikimbia, tafuta pengine. Kabla ya kutandika lala mwenyewe chini kwa dakika moja pale godoro litakapokuwa. Mgongo utagundua jiwe au mzizi ambao macho hayakuuona.

Chini ya bonde usiende. Hewa ya baridi ni nzito, usiku inateremka na kukaa huko kama maji, pamoja na umande na ukungu. Kupanda mita 10 au 20 tu kutoka chini kunaleta tofauti unayoisikia kwenye blanketi. Kwa milima, hesabu kama digrii 6.5 za joto zinazopotea kila mita 1,000 unazopanda, ili usipange mavazi kwa hali ya hewa ya mji ulio chini.

Choo kiwe karibu ila si jirani: mita 40 au 50, na upepo uwe unatoka kwako kwenda kwake. Angalia pia kijia cha kwenda chooni. Ukikaa juu yake, usiku mzima watu wanajikwaa kwenye kamba zako na tochi zinapita kwenye turubai. Bomba nalo ni hivyohivyo, tope na mbu viko pale. Mapipa ya taka yanaita wanyama.

Piga kigingi kimoja cha majaribio kabla ya kufungua hema. Kikiingia kwa kidole gumba, hakitashika upepo ukija. Kwenye mchanga, funga kamba katikati ya kijiti au mfuko uliojaa mchanga, uulaze kwenye shimo la sentimita 30, ufukie na kukanyaga. Kwenye mwamba, zungushia kamba kwenye jiwe kubwa. Upande mwembamba wa hema ndio unaoelekea upepo, mlango usielekee huko.

FundiKaravani

Naongezea wiki ya mwisho, maana gari la kulala lina mahitaji yake na hapo ndipo watu wanaumiza vyombo.

Friji ya gesi haina kompresa kama ya nyumbani. Ndani yake amonia na maji vinazunguka kwa joto na kwa uzito wake vyenyewe, kwa hiyo gari likiegeshwa kwa mshazari mzunguko unakwama, friji haigandishi, na ikiachwa hivyo mara nyingi inakufa. Wewe mwenyewe ukilala huoni tatizo, ila friji inaliona. Kitabu cha friji yako kitakuambia kikomo. Kama huna, lenga chini ya digrii 3.

Namna ya kupima: weka pimamaji kwenye sakafu, mara moja kwa upana na mara moja kwa urefu. Gari ambalo magurudumu yake ya kushoto na kulia yameachana mita 1.6, kila digrii moja ni sentimita 2.8 hivi. Digrii 3 ni karibu sentimita 8.5. Ndiyo maana kabari za kupandishia tairi zenye ngazi hadi sentimita 10 zinatosha viwanja vingi, na kiwanja kinachohitaji zaidi ya hapo kiache. Pandisha polepole, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu yaliyo chini kwa kabari nyingine. Jeki si ya kusawazisha gari la kulala watu. Jeki ni ya kubadilishia tairi, watu wakiwa nje.

Umeme: uliza kwa simu ni ampea ngapi (kipimo cha mkondo wa umeme unaoweza kuvuta), usiulize tu kama upo. Ulaya viwanja vingi vinatoa ampea 6, 10 au 16 kwa volti 230, kupitia plagi ya bluu ya pini tatu. Ampea 6 ni wati 1,380 tu. Birika la umeme la wati 2,000 linataka karibu ampea 9, swichi itaruka, na kama kisanduku kimefungwa kwa ufunguo wa ofisi utakaa gizani hadi asubuhi. Marekani Kaskazini utakuta soketi za ampea 30 au 50. Ampea 30 kwa volti 120 ni wati 3,600.

Waya wa ekstensheni ule wa kuviringisha kwenye roli, ufungue WOTE hata kama sanduku la umeme liko mita tatu. Ukibaki umeviringishwa joto halina pa kutokea, plastiki inayeyuka, na moto unaanzia katikati ya roli usikoona. Mita 25 za waya wa milimita mraba 2.5 ndizo za kawaida kwa kiwanja cha ampea 16.

Na jiko, iwe la gesi au la mkaa, lisiwashwe ndani ili kupata joto. Si kwenye gari wala kwenye hema. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto, haina harufu wala rangi, na mtu anasinzia kabla hajashtuka. Kifaa cha kuihisi kinawekwa karibu na unapolala, betri yake ijaribiwe kabla ya safari.

HemaMgongoni

Asanteni sana wakuu, nimeandika yote. Mawili yamebaki. Nimesikia ukinyoosha mkono na kuhesabu vidole kati ya jua na upeo wa macho, kila kidole ni dakika 15 kabla jua halijazama. Ni kweli? Na kambi zikijaa zote, kulala popote porini kunaruhusiwa?

RamaniKwanza

Vidole vinafanya kazi, ila hiyo dakika 15 si ya kila mahali. Kidole kimoja cha mkono ulionyooka kinaziba kama digrii 2 za anga, na jua linatembea digrii 15 kwa saa. Karibu na Ikweta linashuka karibu wima, kwa hiyo kidole ni dakika 8 hivi. Dakika 15 zinakaribia ukweli kaskazini au kusini sana, kwenye latitudo 60, ambako jua linashuka kwa mshazari. Ukiwa karibu na Ikweta ukaona vidole vinne, unadhani una saa nzima kumbe una nusu saa, na jua likishazama mwanga wa kuonea unabaki kama dakika 20. Weka simu ikuonyeshe saa ya machweo ya pale ulipo, vidole viwe akiba.

Kuhusu kambi kujaa: Jumapili hadi Alhamisi nafasi zipo nyingi kuliko Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo panga siku mbili za kukaa sehemu moja ziangukie wikendi, ukiwa umeshalipia. Siku moja au mbili kabla ya tarehe ndipo watu wanaghairi, rudi kuangalia wakati huo. Na piga simu. Kuna kambi zinazoonekana zimejaa kwenye tovuti huku uwanja wa mahema una nafasi, kwa sababu kilichojaa ni viwanja vya umeme.

MlinziWaPori

La porini nijibu mimi. Hakuna jibu moja, ni sheria ya pale ulipo, na kosa kubwa ni kudhani ruhusa ya hema ni ruhusa ya gari. Norwe, kwa mfano, sheria ya mwaka 1957 inaruhusu hema kwenye ardhi isiyolimwa, umbali wa mita 150 au zaidi kutoka nyumba inayokaliwa, na kwa kawaida si zaidi ya siku mbili mahali pamoja bila ruhusa. Scotland nayo ina haki ya namna hiyo kwa sheria ya 2003, lakini haki hiyo haihusu vyombo vya moto. Marekani, ardhi nyingi zinazosimamiwa na Bureau of Land Management, idara ya serikali ya ardhi ya umma, zinaruhusu kulala bure, kwa kawaida siku 14 ndani ya kipindi cha siku 28. Kwingine kote chukulia kwamba ardhi ina mwenyewe, mtafute, bisha hodi, omba. Ukiomba kabla hujashusha kitu unapata ruhusa kirahisi kuliko ukikutwa umeshawasha moto.

Ukiruhusiwa, kaa mita 60 kutoka mtoni au ziwani, kwa ajili ya maji yenyewe na kwa ajili ya wanyama wanaokuja kunywa usiku. Choo ni shimo la sentimita 15 hadi 20, nalo mita 60 kutoka kwenye maji, lifukiwe kabisa. Maji usiyoyajua yachemshe hadi yatokote kwa dakika moja kamili, na ukiwa juu ya mita 2,000 yachemshe dakika tatu, kwa sababu huko yanatokota kwa joto la chini.

Giza likikukuta, acha kambi nzuri, nenda kwenye ile ya tatu aliyoisema RamaniKwanza. Usiingie njia ya udongo usiyoijua na usisogelee mto. Ukifika omba ardhi ngumu iliyo wazi, kageuze gari lielekee nje, zima taa kubwa ili usiwaamshe waliolala. Kagua uwanja kwa tochi uliyoishusha usawa wa goti, ukimulika pembeni na si chini ya miguu: kila jiwe, shimo na kichuguu kitatupa kivuli kirefu utakachokiona. Ukimulika kutoka kichwani ardhi yote inaonekana tambarare. Usiku huo simamisheni hema moja tu la kulala, viti na meza vibaki garini, na kukipambazuka zungukeni kwa miguu kabla ya chai. Kama mmekaa vibaya, hema moja mnalihamisha kwa dakika kumi.